Fungate ya mwaka wa 30: jibu kwa Mwalimu wa Morogoro

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, nina umri wa miaka 53. Mume wangu ni bwana shamba aliyestaafu mwaka jana. Desemba tutatimiza miaka 30 ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kusafiri wawili peke yetu; tumekwenda misibani, harusini, kuuguza, na Krismasi kijijini. Nimepata mgawo wa kikoba, shilingi milioni mbili, nikamwambia twende Zanzibar. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu na ya vijana, na kwamba kama ni kusafiri basi twende Ifakara kwa dada yake. Siku nyingine alisema, kama anayeongea peke yake, kwamba angependa kabla hajafa aione Amani, ile ya kule Muheza, waliyofundishwa chuoni. Ana kisukari na anatumia vidonge, mimi goti la kushoto linanisumbua, na nyumbani tuna ng'ombe wawili wa maziwa. Watoto nao wanataka kutufanyia sherehe ya jubilei. Je, nimshawishi vipi, na twende wapi ili fedha hii isipotee bure?

Jibu: Mwalimu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama mahali pale pale, yaani pale mzee aliposema kwamba angependa kuiona Amani. Wewe umeliandika jambo hilo kwa kupita tu, katikati ya malalamiko, lakini mimi naona ndani yake mna nusu ya jibu unalolitafuta. Mtu asiyetaka kabisa kusafiri hataji mahali. Mume wako ametaja.

Nimekuwa nikipanga safari za watu kwa miaka 19 nikiwa Tanga, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni wake na waume waliooana zamani, ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea. Nimejifunza kwao kwamba mwanamume wa umri wa mzee wako anaposema "hayo ni mambo ya wazungu", mara nyingi hawasemi wazungu hata kidogo. Anachosema ni kwamba safari zote alizozijua maishani zilikuwa za wajibu: aliondoka na nguo za msiba begini au na gunia la mchele la kupeleka kwa wakwe, akafika akiwa anadaiwa salamu, mchango na maoni, na akarudi nyumbani amechoka kuliko alivyotoka. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "twende tukapumzike mahali", masikioni mwake yanaingia mambo mawili tu, gharama na uchovu. Ndiyo maana alikutajia Ifakara, kwa sababu kule angalau yuko mtu anayewangoja, na safari inakuwa na sababu inayoeleweka.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, ambalo pia ndilo linalopuuzwa zaidi, ni kwamba safari hii iwe ya kwenda mahali ambapo hakuna anayewangoja. Isiwe Ifakara kwa wifi yako, wala kwa mtoto wenu aliyeko mjini, wala kwa binamu wa mtu fulani ambaye "atachukia akisikia mmepita bila kufikia kwake". Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu lilinipata mwenyewe. Mimi na mume wangu tulipotimiza miaka 22 tulikwenda Dar es Salaam kwa siku tano, tukafikia kwa ndugu, watu wakarimu ambao hadi leo nawaombea heri. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni, maana haiwezekani kukaa sebuleni huku mwenye nyumba akimenya vitunguu. Siku ya pili tulipelekwa kumwona mgonjwa. Siku ya tatu mume wangu aliitwa kusuluhisha ugomvi wa kiwanja. Usiku tulilala vyumba tofauti, yeye na vijana, mimi na mabinti, kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni wengine. Wakati wa kurudi, basi lilipokuwa linapita Segera, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mimi na wewe tumezungumza lini tangu tuondoke?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyetukosea, ni kwamba nyumba ya ndugu humvika kila aingiaye cheo chake, na pale mlangoni mimi nilikuwa nimekwisha kuwa shangazi na mama mkubwa, naye amekuwa mjomba na msuluhishi, na nafasi ya mke na mume haikusalia.

Tena, Mwalimu, usikubali hoja kwamba jambo hili ni la kigeni. Pwani yetu ina neno fungate, ambalo kwa Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya saba, kabla hatujaazima neno saba lenyewe kutoka Kiarabu. Zilikuwa siku saba baada ya harusi ambazo bibi na bwana walikaa ndani bila kazi, chakula kikiletwa, na bibi harusi akiwa na somo wake wa kumhudumia na kumshauri. Wazee waliopanga utaratibu huo walijua vizuri kwamba watu wawili hawawezi kuzoeana huku wakifua, wakipika na kupokea wageni. Kilichobadilika ni kwamba wengi wetu, wewe na mimi tukiwamo, tulioa na kuolewa ugenini, kwenye nyumba za kupanga, Jumatatu tukawa kazini. Nakushauri uihesabu safari hii kuwa fungate yenu iliyochelewa, nayo iwe ya usiku saba, si kwa sababu ya idadi tu bali kwa sababu nyingine nitakayoieleza mbele.

Sasa mwende wapi. Mwaka huu, kwa fedha uliyo nayo na kwa mume uliye naye, nisingeanza na Zanzibar. Ningeanza na mkoa wangu wa Tanga, usiku nne Amani na usiku tatu pwani ya Pangani. Najua utaona kwamba nimempa mzee ushindi, lakini nivumilie kidogo.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, karibu meta 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha pale mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakapanda mimea kutoka kila upande wa dunia ili waone ni ipi itakayokubali katika ardhi ya koloni lao: mikwinini kwa ajili ya dawa ya malaria, aina nyingi za kahawa, miti ya mpira, viungo, miti ya mbao. Mingi ya miti hiyo ingali imesimama, mingine ikiwa mikubwa kiasi cha kuhitaji watu kadhaa kuizunguka kwa mikono, na bustani ile ya mimea ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi barani Afrika. Msitu unaoizunguka umehifadhiwa kwa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Kwa mtu mwingine hayo ni miti na ukungu. Kwa bwana shamba ni sawa na mwalimu wa dini kupelekwa mahali ambapo kitabu chake kiliandikwa.

Liko pia ua moja dogo la rangi ya zambarau ambalo hukaa vivulini, kwenye miamba yenye unyevunyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliliona na kupeleka mbegu zake kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu kutokana na jina lake. Leo limo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani kote, na Wajerumani hadi sasa huliita kwa jina la Usambara. Nimewapeleka watu wengi kuliona katika makao yake, na sijachoka kuona jinsi mtu mzima anavyochuchumaa mbele ya ua lisilozidi kiganja na kunyamaza.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuanza na Amani si maua. Kwa miaka 30 umeishi na mtu mwenye elimu ambayo hujawahi kuiona ikifanya kazi, isipokuwa kwa ng'ombe wawili na shamba la mahindi. Umemjua akiwa baba, mlipa ada, mpatanishi wa ukoo, na sasa mstaafu anayekaa barazani. Pale Amani atakuwa mtu anayejua, na wewe utakuwa mgeni wake. Nimewaona wanawake wakiwatazama waume zao kwa jicho jipya kabisa siku ya namna hiyo, wakiuliza maswali ya kweli, na wanaume wakijibu kwa maelezo marefu ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuyaomba. Kisha mtashuka pwani, na hapo wewe ndiye mwenye ndoto, yeye mgeni wako. Mnapeana zamu, wala hakuna anayeburutwa.

Njia ni rahisi. Ondokeni Morogoro alfajiri kwa basi la Tanga linalopita Chalinze na Segera, mshuke Muheza, na hapo mkodi gari la kuwapandisha. Msijaribu kuokoa fedha kwenye kipande hiki: barabara ya Amani ni ya vumbi, ina kona nyingi, mvua ikinyesha huteleza, na goti lako halitakushukuru ukiikalia kwenye gari lililojaza watu na magunia. Pale Amani chukueni mwongozaji wa hifadhi, na mwambieni mapema kuhusu goti, kwa kuwa ziko njia za kutembea taratibu chini ya miti mikubwa na ziko nyingine za kupanda na kushuka ambazo mtaziacha bila majuto. Beba sweta. Mwezi Juni usiku wa kule ni wa baridi, na mvua nyepesi inaweza kunyesha mwezi wowote wa mwaka.

Kutoka Amani mtarudi Muheza na kuteremka Pangani, mji mkongwe uliokaa mdomoni mwa mto, na kutoka hapo mtavuka kwenda upande wa kusini mpaka ufuko wa Ushongo. Ukanda huo nao una kitu cha kumtuliza bwana shamba: mkonge wa nchi hii ulianzia hapo karibu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, vingi vikafa njiani, na 62 vilivyosalia ndivyo vilivyopandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kilimo cha mkonge mtakachokiona njiani kilianza na miche hiyo. Mwache asimulie, halafu mfunge mlango wa historia mtazame bahari.

Ushongo ni mahali pa ukimya. Minazi, mchanga, mashua za wavuvi, nyumba chache za wageni, na usiku wenye nyota. Mkipenda, mtapelekwa kwa mashua hadi Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho mwaka 1975 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kutangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Zamani kilikuwa na miti na kasa walitaga pale; miti ilikwisha, na sasa maji makubwa ya bamvua yakijaa hukifunika chote. Safari ya Maziwe kwa hiyo hufuata maji, si saa ya mkononi. Mwulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, na mwende asubuhi, kabla upepo wa kusi haujapata nguvu. Kama bahari imechafuka, msiende. Kaeni ufukoni mtazame.

Jambo la maji nalieleza zaidi kwa sababu limewavunja moyo wageni wengi wa bara. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Katikati yake kuna maji mafu, yenye tofauti ndogo. Mtu anayefika saa ya kupwa wakati wa bamvua hukuta tope na mwani, akadhani amedanganywa na picha. Kabla ya kuchagua tarehe, tazama kalenda ya mwezi. Kwa mtu asiyejua kuogelea na mwenye goti bovu, siku za maji mafu ni rafiki zaidi. Kwa anayependa kutembea kwenye mchanga mpana na kutazama viumbe vya madimbwini, bamvua ni bora, ila avae viatu vya mpira, kwa sababu ya miiba na mawe makali.

Nimesema usiku saba, na nimegawa sehemu mbili tu. Watu wakishachanga fedha kwa miaka hutaka kuona kila kitu: Tanga mjini, Lushoto, mapango ya Amboni, kisha Pangani, wakalala kila usiku kitanda kipya. Nimewapangia watu safari hizo nilipokuwa mgeni katika kazi hii, na sasa nakataa. Wake na waume wa muda mrefu wana ugumu wao ambao vijana hawana, nao hutokea siku ya tatu. Siku ya kwanza na ya pili huzungumza mambo waliyokuja nayo, watoto, madeni, kiwanja, wakwe. Siku ya tatu mazungumzo hayo huisha, ukimya huingia, na mmoja hudhani mwenziwe amechukia, mwingine hutafuta simu. Kama kesho yake wanapanda gari, ukimya huo huzikwa na pilikapilika za kufunga mizigo na hawapati kujua ulikuwa na nini nyuma yake. Kama wamebaki palepale, siku ya nne mmoja husema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Sijui namna ya kulipanga jambo hilo liwe la hakika, lakini nimeliona mara nyingi mno nisiweze kuliita bahati, na ndiyo sababu siku ya tatu ya Amani iacheni tupu kabisa, bila mwongozaji na bila ratiba.

Kuhusu wakati, usisubiri Desemba. Wewe uko shuleni, na likizo ya Juni ndiyo inayokufaa: masika yamekwisha, jua si kali, machungwa ya Muheza yameanza kuonekana barabarani, na nyumba za wageni hazijapandisha bei kama zinavyofanya mwishoni mwa mwaka. Desemba ibaki kuwa ya watoto. Kuhusu sherehe yao ya jubilei nitasema wazi, hata kama hawatanipenda: iwe ya misa au dua na chakula nyumbani, wailipie wao, na mgawo wa kikoba usiingie humo. Nimeshuhudia kamati za jubilei ambazo zilianza na pilau la watu 40, zikaishia na ukumbi, mpambaji, mpiga picha na sare, na wazee wenyewe wakabaki wameketi jukwaani kwa saa sita wakipokea vitenge na masufuria ambayo hawakuyahitaji. Waambieni watoto mapema kwamba zawadi mnayoitaka ni mmoja wao kuja kulala nyumbani kwa juma moja.

Hilo linanileta kwa ng'ombe, ambao ndio watakaoivunja safari kama hutawashughulikia kwanza. Mzee atasema, "Nani atakamua?" na swali lake ni la haki. Tafuta kijana anayeaminika, afanye kazi pamoja na mzee kwa muda usiopungua majuma mawili kabla, ili ng'ombe wamzoee naye azijue tabia zao, na daktari wa mifugo mnayemtumia awe na namba ya simu ya mtoto atakayebaki. Kisha fanyeni jaribio. Mwezi Februari nendeni Mikumi kwa usiku mmoja. Kutoka Morogoro ni karibu, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na ni kidogo mno kulinganisha na cha mgeni, na kama kuna tatizo nyumbani mtarudi siku hiyo hiyo. Mzee akirudi akakuta maziwa yamepimwa na ng'ombe wako salama, kikwazo kikubwa kitakuwa kimeondoka bila wewe kubishana.

Fedha uliyo nayo inatosha kama itawekewa mipaka. Ningeigawa hivi: shilingi laki tisa na elfu kumi kwa malazi ya usiku saba, yaani msivuke laki moja na thelathini kwa usiku, laki tatu kwa mabasi na gari la kukodi, laki tatu na nusu kwa chakula, laki moja na arobaini kwa viingilio, mwongozaji na mashua, na laki tatu zisiguswe mpaka mtakapofika nyumbani. Hizo si bei nilizokuhakikishia, ni kuta za kukuzuia. Unapopiga simu kwa nyumba ya wageni, useme tangu mwanzo kwamba ninyi ni wenyeji na uulize bei ya mwenyeji kwa shilingi, kwa watu wawili, pamoja na kifungua kinywa. Tofauti na bei inayotangazwa kwa wageni mara nyingi ni kubwa. Tena uliza kama chumba kiko chini na kama kuna ngazi, kwa ajili ya goti.

Upande wa afya, mzee aende kwa daktari wake majuma matatu kabla ya safari, na dawa zake zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake zenye jina la dawa, na ziwe za siku nyingi kuliko safari yenyewe. Mabasi huchelewa, mtu wa kisukari asikae saa nyingi bila chakula huku amemeza kidonge, kwa hiyo mbebe karanga, matunda na kitu chenye sukari cha dharura. Na asitembee pekupeku ufukoni, hata mchanga ukipendeza namna gani. Kisukari hupunguza hisia za miguu, na mchanga wa adhuhuri unaweza kumuunguza bila yeye kujua. Kila jioni itazameni miguu yake pamoja, vidole kwa vidole.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nami nitalisema kwa adabu kwa kuwa wanawake wengi huniuliza kwa kunong'ona siku ya mwisho, wakati limekwisha kuharibu safari. Kisukari cha muda mrefu huathiri mishipa ya damu na ya fahamu, na pamoja na baadhi ya dawa za presha huweza kupunguza nguvu za mwanamume. Mwanamke naye baada ya hedhi kukoma huweza kupata ukavu na maumivu. Haya ni mambo ya kitabibu na yana tiba, wala hayana uhusiano na mapenzi kupungua. Mwanamume anayehofu kuaibika husafiri akiwa na kisingizio tayari, na wakati mwingine kisingizio hicho huitwa "mambo ya wazungu". Zungumzeni na daktari kabla. Asinunue vidonge vya kuongeza nguvu njiani au dukani bila kuandikiwa, kwa sababu vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha presha ghafla na huweza kuua. Na hata ikiwa hakuna kitakachobadilika, kulala mkiwa mmeshikana mikono mahali ambapo hakuna anayegonga mlango si jambo dogo kwa watu waliolea watoto katika nyumba ya vyumba viwili.

Zanzibar sijaisahau, Mwalimu, kwa maana najua ilikuwa ndoto yako kabla ya yote haya. Iweke mwaka unaofuata. Kutoka Morogoro siku hizi ni safari nyepesi: mtapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, muda usiofika saa mbili, kisha boti ya takriban saa mbili, mkiwa na vitambulisho vyenu vya taifa. Lala usiku mbili Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, mtembee jioni Forodhani, kisha mhamie ufukoni. Mkitaka kuoga baharini karibu saa yoyote, chagueni kaskazini, Nungwi au Kendwa, ingawa kuna kelele na bei ni za juu. Mkitaka utulivu, chagueni mashariki, Jambiani au Paje, ambako maji hukupwa mbali na utawaona wanawake wakihudumia mashamba yao ya mwani. Nadhani mzee, akishaona shamba linalolimwa baharini, hatauliza tena tumekuja kufanya nini. Epukeni tu juma la Krismasi na mwaka mpya, na siku za tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari, wakati vyumba vya mjini hujaa. Mwezi wa Ramadhani nao uheshimiwe: mchana hakuna kula hadharani, ila jioni za futari zina uzuri wake kwa aliye tayari kwa utaratibu huo.

Limebaki la kumshawishi. Usimfanyie ghafla, wala usimwonyeshe tiketi iliyokwisha kulipiwa. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu mbegu na mbolea huona jambo la ghafla kuwa ni upotevu. Usiitaje Zanzibar kwa sasa, na neno mapumziko uliache. Chagua jioni moja akiwa amemaliza kukamua, umpelekee chai isiyo na sukari, umwulize ni mti gani angetaka kuuona kwanza kama angefika Amani. Kisha kaa umsikilize bila haraka, na daftari liwe karibu yako, kwa sababu orodha atakayokutajia ndiyo mtakayomkabidhi mwongozaji asubuhi ya kwanza.